Upande wa Baba

Nesi alichora mduara, akaujaza wino mweusi, kisha akapitisha mstari wa mshazari juu yake. Mduara ni mwanamke. Wino mweusi ni saratani. Mstari maana yake amekufa. Hivyo ndivyo mdogo wangu, aliyekuwa akicheka mpaka majirani wanafunga madirisha, alivyogeuka alama ndogo kama kifungo kwenye karatasi ya kliniki.

"Umri?"

"Thelathini na nne. Ovari."

Akaandika pembeni. Halafu akapanda upande wa mama. Mama mwenyewe, mama mkubwa, mama wadogo watatu, bibi. Miduara sita, yote mitupu.

"Wote hawa hawajawahi kuugua?"

"Wameugua midomo tu. Bibi alikufa na miaka themanini na kitu, anatukana. Waliobaki wanagombana mpaka leo."

Nesi akatabasamu kidogo. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshasimama dirishani. Tangu tumzike mdogo wangu, miezi minane, nimekuwa mwanamke wa kusimama. Nakula nimesimama. Nikikaa, kuna kitu kinanipanda mgongoni, lazima niinuke.

"Tuje upande wa baba," akasema.

"Upande wa baba wa nini? Tunazungumza matiti na mayai ya kike. Baba yangu alikuwa na ndevu."

Aliweka kalamu chini kama mtu aliyekwishasikia hilo mara mia. Akanieleza polepole. Kwamba mtoto huchukua nusu kwa mama na nusu kwa baba. Kwamba kuna hitilafu kwenye vinasaba ambayo mwanamume anaweza kuibeba maisha yake yote, asijue, na kila mtoto anayemzaa, wa kike au wa kiume, ana nafasi moja kati ya mbili ya kuichukua. "Watu wengi hawataji familia ya baba," akasema. "Wanadhani ugonjwa wa kike unakuja kwa wanawake tu."

Nilitaka kupiga kitu ngumi. Si kwa sababu ya hitilafu. Kwa sababu ya mama.

Miezi yote mdogo wangu alipokuwa kitandani, ndugu wa baba walipita wakatupa pole kwa mdomo na kumnyooshea mama kidole kwa macho. "Ni ya kwao," walinong'ona. Kwao kwa mama. Mama naye akaamini. Nilimsikia kwa masikio yangu, ameinama kwenye kitanda cha hospitali, anamwambia binti yake, "Nisamehe mwanangu, nimekuzaa na ubovu wangu." Mdogo wangu akamsamehe. Akafa amemsamehe mtu asiyekuwa na kosa. Na mimi, ninayejisifu kwamba nimejifunza sheria ya kazi mwenyewe kwa kitabu kisichokuwa na jalada, mimi ninayemuuliza kila bosi umeyapata wapi hayo, sikuuliza. Niliamini kama wengine.

"Baba yuko hai?" nesi akauliza.

"Ajali. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja."

"Mama yake?"

"Alikufa kabla sijazaliwa. Tumbo, walisema."

"Dada zake?"

"Mkubwa alikufa na arobaini na moja. Uvimbe. Wa pili yupo."

Nesi alichora mraba wa baba, na miduara mitatu, na ndani ya kila mmoja akaweka alama ya kuuliza. Zilinitazama zile alama.

"Nikikupima wewe peke yako leo nisione kitu," akasema, "sitajua kama umesalimika, au kama nyumbani kwenu kuna kitu nisichojua pa kukitafuta. Ninahitaji mtu aliye hai, wa damu hiyo, aliyewahi kuugua. Nikikiona kwake, kwako nitajua nini cha kutafuta, na jibu lako litakuwa jibu. Kaulize. Gari la kubeba sampuli linakuja keshokutwa, Alhamisi, saa nne asubuhi. Likiondoka ni miezi mitatu."

"Miezi mitatu," nikasema. "Kansa nayo wameipa ratiba?"

"Hata mimi nimewaandikia," nesi akajibu. Nikampenda hapo.

Shangazi aliyebaki ni matroni wa shule ya bweni. Kila mtu humwita Matroni, hata wanawe wakimsema pembeni. Mwanamke mrefu, funguo kiunoni, hajawahi kuniomba hata chumvi. Na mimi nilikuwa nimemfuta.

Naomba nieleze, maana hilo ni kosa langu na sitalificha. Siku tuliyomzika mdogo wangu, Matroni hakuja. Alituma ujumbe wa mstari mmoja: nimeshindwa kufika, poleni. Mimi kazini wananiita Kipaza, kwa kifupi cha kipaza sauti, kwa sababu kukiwa na jambo mimi ndiye ninayesimama kulisema. Siku ile pia nilisimama, juu ya benchi, mbele ya watu mia mbili. Nikasema kuanzia leo yule si shangazi yetu, na aliyekosa njia ya kuja leo asiitafute tena. Watu wawili watatu wakaguna kukubali, nami nikanogewa. Nikaongeza mengine. Nayakumbuka yote, neno kwa neno, na sitayarudia.

Sasa nilikuwa na siku moja na nusu ya kumtafuta.

Siku hiyohiyo mchana niliingia zamu. Mimi ni mkataji katika kiwanda cha nguo: natandika kitambaa tabaka sitini, naweka juu yake karatasi ya kielelezo, nachora, nakata kwa kisu cha umeme. Ni kazi ya mtu aliyetulia. Nilipomaliza, msimamizi akaja akainua kipande kimoja, akainua kingine, akanitazama.

"Kipaza, hii mikono ya mashati yote ni ya kushoto."

Nilisahau kugeuza kielelezo. Mikono sitini, yote ya kushoto. Watu wakacheka mpaka wakazima mashine.

"Ni ya chama chenu cha wafanyakazi," mmoja akasema. "Watu wa mrengo wa kushoto."

Wakati wa mapumziko nilimwonyesha barua niliyomwandikia Matroni mshonaji mmoja tunayemwita Vifungo, kwa kuwa amekaa mashine ya vifungo miaka kumi na tisa. Niliiandika nimesimama, juu ya boksi. Vifungo alivaa miwani, akasoma kwa sauti.

"'Kwako Matroni. Kutokana na hali iliyojitokeza, unatakiwa kutoa maelezo kama ifuatavyo. Kwanza: bibi alikufa kwa ugonjwa gani. Pili: marehemu shangazi mkubwa alikufa kwa uvimbe wa wapi. Tatu: kwa nini taarifa hizi zilifichwa. Majibu yapatikane kabla ya Alhamisi.'" Akavua miwani. "Mwenzangu, hii barua ya familia au tangazo la mgomo?"

"Ndivyo ninavyojua kuandika."

"Nenda kwa miguu yako. Ukifika mwambie shikamoo, kisha ufunge mdomo."

"Nimemtukana mbele ya watu mia mbili, Vifungo."

"Nilikuwepo. Mimi ni mmoja wa walioguna." Akamenya chungwa, akanipa nusu. "Na niliguna vibaya. Sikumjua hata yule mama. Niliguna kwa sababu ulisema vizuri."

Usiku ule sikulala, na sina la kusimulia kuhusu kutolala. Jumatano, zamu ya asubuhi ilipoisha, nilikwenda.

Shule ilikuwa na ukuta mrefu na geti la chuma. Mlinzi akanielekeza ghala la bweni la wasichana. Chumba kirefu, magodoro yamerundikwa mpaka dirishani, harufu ya sabuni ya kipande na mpira mkavu. Matroni alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo mbele ya boksi la soksi, soksi zilizosahauliwa na wanafunzi, anatafuta jozi. Alikuwa amekonda. Mkono wa kulia aliutumia, wa kushoto aliuegemeza pajani kama kitu cha kuazima.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia. Akalinganisha soksi mbili, akaona si sawa, akazirudisha.

"Umekuja kunifuta na huku?" akasema. "Huku ukuta ni mpya. Chaki haishiki."

Nilipaswa kufunga mdomo, kama nilivyoambiwa. Badala yake nikatoa barua. Vifungo angenizaba kofi. Matroni aliisoma yote, kichwa kimeinama, kisha akaikunja mara nne.

"Tangu lini mtu 'anatakiwa' na mtoto wa kaka yake?"

"Samahani kwa hilo neno."

"Hilo tu?"

Nikaanza kutembea. Kati ya magodoro na mlango kulikuwa na hatua saba, nilizipiga kwenda na kurudi huku namweleza: karatasi ya nesi, miduara, ndevu za baba, gari la Alhamisi, mama yangu na kile alichomwambia mwanawe kitandani. Nilimwambia kwamba wao, upande wao, ndio waliomwachia mama mzigo ule, na kwamba mama bado anaubeba. Hapo sauti yangu ilipanda, sikuweza kuizuia. Msichana mmoja akachungulia mlangoni, Matroni akamwangalia tu, akapotea.

"Mama yetu alianza ziwa," Matroni akasema, taratibu, kana kwamba anahesabu mashuka. "Ziwa la kushoto. Likapasuka. Tukaambiwa tuseme tumbo, kwa sababu tumbo halina aibu. Dada naye tukasema uvimbe. Ilikuwa palepale alipougulia mdogo wako. Baba yenu alijua. Aliniambia, tusiseme, mabinti zetu hawataolewa."

"Na mlipomsikia mama yangu anasemwa?"

"Tulinyamaza."

"Mlinyamaza."

"Ndiyo, Kipaza. Wengine tunanyamaza. Si kila mtu amezaliwa na benchi chini ya miguu."

Nikasema nahitaji mtu aliyeugua, aliye hai, na kwamba yawezekana kuna binamu wa mbali, mtoto wa mjomba wao, mtu yeyote. Matroni akainuka. Akaufunga mlango kwa ufunguo. Alinigeukia, akafungua vifungo vinne vya gauni lake la kazi, akaingiza mkono ndani ya sidiria upande wa kushoto, akatoa soksi tatu za shule, zimeviringishwa pamoja kama yai. Akaziweka juu ya meza.

"Wiki mliyomzika yule mtoto," akasema, "mimi nilikuwa wodini, siku ya tatu baada ya kukatwa. Nilituma ujumbe kwa mkono mmoja."

Kovu lilikuwa refu, limekazana, rangi yake imepishana na ngozi. Nililitazama.

"Nani anajua?" nikauliza baadaye.

"Daktari. Na wewe."

"Binti zako?"

"Waliambiwa ni nyongo."

Kichwa changu kikaanza kufanya kazi ninayoijua. Nikamwambia kuna njia. Kiwandani tukitaka kupeleka malalamiko, hatusaini kwa mstari kutoka juu kwenda chini, maana bosi humfukuza wa kwanza. Tunasaini kwa duara, majina yanazunguka kama miale ya jua, hajulikani aliyeanza. Tungeweza kwenda wote, mimi, yeye, binti zake, siku moja, na hakuna atakayesema ugonjwa ulianzia kwa fulani.

Alinisikiliza mpaka mwisho huku anafunga vifungo.

"Jina unaweza kulizungusha," akasema. "Ziwa limekatwa kwangu. Hapo utazungusha nini? Nikitoa damu mimi, mimi ndiye niliyeleta. Wanangu wataniangalia hivyo. Na wewe umenifuta mbele ya watu. Mtu aliyefutwa hana damu ya kukupa. Nenda nyumbani."

Nilitakiwa kubisha. Nina ubishi wa akiba wa miaka ishirini. Lakini nilikaa, juu ya godoro la chini kabisa, bila kujua kwamba nakaa, na kilichotoka hakikuwa hoja.

"Sijajigusa tangu tulipomzika," nikasema. "Naoga na fulana. Najimwagia maji, natoka. Kila nikivua nadhani nitakikuta. Mchana nasimama kwa watu nawaambia wasiogope mtu. Shangazi, mimi nikitembea ni kwa sababu nikitulia nitakisikia kinakua."

Nje kengele ya shule ililia na miguu mingi ikapita koridoni. Matroni alisubiri miguu iishe.

"Miezi minane?"

"Minane."

"Na fulana?"

"Na fulana."

"Mjinga wewe," akasema, lakini kwa sauti ya chini. Akanawa mikono kwenye ndoo ya pembeni, akaikausha vizuri katikati ya vidole. "Vua."

Alinipima kama anavyokagua vitanda: bila huruma na bila kuruka kona. Vidole vitatu, duara ndogo ndogo, kutoka chini ya kwapa mpaka katikati, upande mmoja kisha mwingine. Alikuwa akinieleza anachokigusa, huu ni ubavu, hii ni nyama tu, hii nayo ni nyama.

"Mimi si daktari," akasema. "Sijakuta kitu kwa mkono wangu, na mkono wangu haukukuta changu pia mpaka kilipokuwa kama njegere. Kwa hiyo hii si kipimo. Hii ni kukufanya uoge." Akanitupia blauzi. "Huyo nesi, wakijua unacho, wanakufanyia nini? Wanakupa pole?"

"Anasema wanakuangalia kwa mashine kila mwaka. Na ukiwa umemaliza kuzaa, unaweza kutolewa ovari kabla hazijaanza. Anasema ovari hazipigi hodi. Mdogo wangu alipojua, ilikuwa imeshajaa tumbo."

Matroni aliokota soksi zake tatu, akazirudisha mahali pake, akajiangalia kwenye kioo cha dirisha kama pande mbili ziko sawa.

"Alhamisi saa ngapi?" akasema.

Hakuahidi. Aliuliza saa, basi. Nikaondoka na hilo.

Alhamisi nilifika kliniki saa moja na nusu. Saa tatu hakukuwa na Matroni. Saa tatu na nusu, hakuna. Nilitembea koridoni mpaka mzee mmoja mwenye mkongojo akaniomba nipumzike kwa niaba yake, kwamba namchosha. Saa nne kasoro kumi gari likaingia, gari jeupe dogo, na dereva akashuka na boksi la barafu. Nesi akanitazama kupitia kioo cha mlango, akainua mabega.

Nilimfuata dereva. Nikamuuliza kama amekunywa chai. Nikamuuliza kama tairi lake la nyuma halina upepo wa kutosha. Nikamweleza historia ya haki ya dereva kupumzika. Alikuwa kijana mpole, alisikiliza dakika kumi na tano nzima kisha akasema, "Mama, unanichelewesha makusudi, sivyo?"

"Ndiyo," nikasema. "Nipe tano nyingine."

Akanipa.

Walikuja kwa miguu kutoka getini, watatu. Matroni mbele, amevaa gauni la kwendea watu. Nyuma yake binti mkubwa, macho mekundu, ameshika mkoba wa mama yake kwa mikono miwili. Na nyuma kabisa, hatua ishirini, binti mdogo, uso umefungwa kama duka la Jumapili. Nilielewa kwa nini wamechelewa. Walikuwa wameambiwa asubuhi ileile.

Nesi hakupoteza muda na maneno mengi. Alimuuliza Matroni kama amekubali mwenyewe, kama anajua damu inakwenda kutafutwa nini, kama anataka majibu apewe nani. Matroni alijibu yote matatu kwa sauti ya kugawa blanketi. Mkono wa kulia, kwa sababu wa kushoto, upande uliokatwa, madaktari walishamkataza. Sindano ikaingia, chupa ndogo mbili zikajaa, nesi akazibandika namba, na dereva akazilaza kwenye barafu kwa uangalifu ambao sikuutegemea kwa mtu niliyemsema tairi lake.

Gari likaondoka. Mimi nikaona huu ndio wakati. Kulikuwa na watu kama thelathini kwenye mabenchi ya koridoni, na nikavuta pumzi niseme, mbele yao, kwamba huyu ni shangazi yangu na nilimkosea.

"Usithubutu," Matroni akasema, anabonyeza pamba kwenye mkono. "Nakujua. Tayari umeshavuta pumzi."

"Nilikosea mbele ya watu. Nirekebishe mbele ya watu."

"Hawa si wale. Hawa wana magonjwa yao." Akaitupa pamba. "Sijakusamehe. Usije ukadhani damu ni msamaha. Kwa mama yako nitakwenda mwenyewe Jumapili, nimwambie kwa mdomo wangu ilikotoka. Wewe utakaa nje."

"Nje wapi?"

"Nje. Utajua pa kukaa. Siku yako ya kupimwa ikifika, nitakuja. Hilo nalo si msamaha."

"Sawa, shangazi."

Binti mkubwa akamshika mama yake kiwiko, wakaenda kwenye bomba kunywa maji. Binti mdogo alikuwa amebaki nje, ameegemea ukuta, mikono kifuani. Nikamwendea. Nilikuwa na sentensi tano tayari na nikaziacha zote.

"Ni wewe uliyemfuta mama msibani," akasema.

"Ni mimi."

"Alikuwa hospitali."

"Nimejua jana."

"Mimi nimejua leo saa mbili kwamba haikuwa nyongo." Akatazama njia lilikopita gari. "Yaani na mimi ninaweza kuwa nacho."

"Unaweza. Au huna. Nusu kwa nusu, kama kitaonekana kwake. Mimi hata hiyo nusu sijui kama ninayo, inategemea baba alibeba au hakubeba. Majibu yake yakitoka nitapimwa. Ukitaka kwenda na mtu, twende pamoja."

"Nani kakwambia nataka kwenda na wewe?"

"Hakuna."

Ndani tulimsikia Matroni akimwambia mtu asikae na mguu barabarani, watu watajikwaa. Binamu yangu akapangusa pua kwa mgongo wa mkono, akataja namba yake ya simu, mara moja tu, haraka haraka, bila kuniangalia, kama mtu anayeomba nikosee.

Sikuwa na kalamu. Nikairudia moyoni njia nzima mpaka kiwandani.